NANI ALIPE UKUTA ULIOOZA?

Ndugu msikilizaji, mtu akinunua kanga yenye tundu, hasara ni yake, kwa kuwa alikuwa na nafasi ya kuikunjua na kuitazama kabla hajatoa fedha zake. Nyumba haikunjuliwi. Anayenunua nyumba huona rangi, milango na vigae. Hazioni mbao zilizofichwa ndani ya ukuta. Kwa mambo ya huko ndani inambidi awaamini wengine: fundi aliyejenga, kiwanda kilichotengeneza vifaa, mkaguzi aliyepiga muhuri, na juu ya wote hao, serikali iliyoandika kanuni zinazosema vifaa gani vinafaa na vipi havifai. Swali langu la wiki hii ni hili: ikiwa kifaa kilichoozesha nyumba ni kile kile ambacho kanuni ilikiruhusu, nani alipe?

Nchi iliyolazimika kulijibu swali hili, na ikalijibu kwa uchungu mkubwa, ni New Zealand. Historia yenyewe haiko mbali, na inafaa kusimuliwa taratibu, maana ndani yake hamna jambazi mmoja wa kumnyoshea kidole. Kila aliyehusika alikuwa na sababu yake, na sababu nyingine zilikuwa nzuri. Ndiyo maana inafundisha.

New Zealand ni nchi ya nyumba za mbao. Mifupa ya nyumba, yaani nguzo na mihimili ya ndani ya kuta, ni mbao, na mbao zenyewe kwa sehemu kubwa ni msonobari ule ambao mafundi wetu huuita paini. Mti huu hukua upesi, lakini mbao zake ni laini na zikilowa huoza haraka. Watu wa New Zealand walilijua hilo. Kwa hiyo, tangu miaka ya 1950, ikawa desturi ya nchi kwamba mbao za kujengea nyumba ni mbao za dawa. Zilitiwa chumvi ya boroni. Nia ya kwanza ilikuwa kuwazuia wadudu wanaobungua mbao, lakini dawa hiyo hiyo ilizuia pia kuvu inayoleta uozo. Maji yakipenya kidogo ukutani, mbao zilistahimili mpaka ukuta ukauke au mwenye nyumba aone doa na kuita fundi. Kwa maneno mengine, dawa ilimnunulia mwenye nyumba muda.

Kisha ikaja miaka ya 1980 na upepo wa mageuzi ya uchumi. Vyama vyote viwili vikubwa vya nchi hiyo, kimoja baada ya kingine, viliamini kwamba serikali ilikuwa imejiingiza mno katika mambo ya watu. Mwaka 1988 ilivunjwa wizara ya ujenzi, ambayo kwa miaka mingi ilikuwa imekusanya mafundi na wahandisi waliojua namna kazi nzuri inavyofanywa. Mwaka 1991 ikapitishwa Sheria ya Majengo mpya. Tuseme kweli, sheria hiyo haikutungwa kwa nia mbaya. Kabla yake, kila halmashauri ilikuwa na kanuni zake, na mjenzi aliyevuka mpaka wa mji mmoja kuingia mwingine alikuta masharti mengine. Sheria mpya ilileta kanuni moja kwa nchi nzima. Lakini ilibadili pia namna ya kuamuru. Kanuni ya zamani ilimwambia fundi: weka mbao ya namna hii, kwa nafasi kadha wa kadha. Kanuni mpya ilimwambia: jenga ukuta usioingiza maji na utakaodumu, namna ya kuufikia mwisho huo utajua wewe.

Ili kusimamia utaratibu huo ikaundwa Mamlaka ya Sekta ya Ujenzi, chombo cha serikali kuu. Aidha, sheria iliruhusu wakaguzi binafsi, waliolipwa na yule yule anayejenga, washindane na wakaguzi wa halmashauri. Hebu fikiri, msikilizaji. Mwenye kujenga ana haki ya kuchagua atakayemkagua, na anajua yupi ni mwepesi na yupi ni mgumu. Katika mashindano ya namna hiyo, mkaguzi mgumu hufa njaa.

Sasa tuje kwenye mbao zenyewe. Mwaka 1995 kiwango cha taifa kuhusu mbao kilibadilishwa, kikaruhusu mifupa ya nyumba ijengwe kwa msonobari usiotiwa dawa, mradi umekaushwa tanurini. Mwaka 1998 Mamlaka nayo ikaipokea njia hiyo kuwa mojawapo ya njia zilizokubalika kisheria. Hoja ilikuwa kwamba mbao kavu haiozi, na dawa ni gharama na ni kemikali ambayo si lazima. Ukiisikia hoja hiyo harakaharaka huoni kosa. Ni kweli, mbao ikibaki kavu haiozi. Lakini uzito wote umebebwa na neno "ikibaki".

Kwa bahati mbaya, miaka hiyo hiyo nyumba zilikuwa zimeanza kubadilika sura. Wateja walipenda mtindo wa nchi za Mediterania: kuta nyeupe laini, paa bapa, roshani zilizoshikamana na ukuta, na nyumba isiyo na upenu, yaani ile sehemu ya paa inayotokeza nje na kuukinga ukuta na mvua. Mtindo huo umezaliwa kwenye jua kali na kuta za mawe. Auckland, mji mkubwa kuliko yote New Zealand, hupata mvua ya zaidi ya milimita 1,000 kwa mwaka, nayo huja na upepo. Juu ya mifupa ya mbao zisizo na dawa, mafundi walipigilia mabamba ya saruji na nyuzi, au mabamba ya povu la plastiki, wakapaka lipu nyembamba na rangi. Mara nyingi hawakuacha uwazi kati ya bamba na mbao ambao ungeruhusu maji kuteremka na hewa kupita. Kinga yote ilikuwa rangi na lipu. Ufa mwembamba kama unywele pembeni mwa dirisha ulitosha. Maji yaliingia, hayakuwa na njia ya kutoka, na mbao zilizokuwa ndani hazikuwa tena na ile dawa ya kuwanunulia watu muda. Katika miaka michache tu, kuna kuta zilizofunguliwa zikakutwa na mbao zinazomeguka kwa vidole.

Je, hapakuwa na onyo? Lilikuwapo. Ng'ambo ya Pasifiki, katika jimbo la British Columbia nchini Kanada, maghorofa ya Vancouver yalikuwa yameoza kwa namna inayofanana sana na hiyo. Mwaka 1998, mwaka ule ule ambao Mamlaka ya New Zealand ilizipokea mbao zisizo na dawa, tume iliyoongozwa na Dave Barrett, aliyewahi kuwa waziri mkuu wa jimbo hilo, ilitoa taarifa yake juu ya balaa hilo. Mvua, upenu uliopunguzwa, kuta zilizofungwa zisipumue, ukaguzi dhaifu: yote yalikuwa wazi mbele ya macho ya dunia.

New Zealand yenyewe ilikuja kukiri mwaka 2002. Mamlaka iliteua kundi la uchunguzi chini ya Don Hunn, mtumishi mkuu mstaafu wa serikali, na mwezi Agosti mwaka huo taarifa ikatolewa. Kundi hilo halikumtwisha mtu mmoja lawama. Lilisema mfumo mzima ulikuwa umeshindwa: michoro, vifaa, ufundi, ukaguzi na usimamizi. Mwaka 2004 mbao za dawa zikarudishwa. Mwaka huo huo ikapitishwa Sheria mpya ya Majengo, Mamlaka ikavunjwa, wakaguzi binafsi wakaondolewa, na kanuni zikakazwa. Nasema hivi kwa makusudi, msikilizaji: serikali isingezirudisha mbao za dawa kama kuziondoa kulikuwa sahihi. Kitendo chenyewe kilikuwa ungamo.

Lakini kuungama ni jambo moja, na kulipa ni jambo lingine kabisa.

Fikiria hali ya familia iliyokuwa imenunua nyumba hizo. Wengi walikuwa watu wa kipato cha kati, wenye mkopo wa benki wa miaka 20 au 25. Wakiitengeneza, gharama ni dola laki kadhaa, maana hubidi ukuta wote ubanduliwe na mbao zibadilishwe. Wakitaka kuiuza, nani ataichukua? Wakikaa kimya, ukungu unawaumiza watoto vifua. Katika maghorofa mambo yalikuwa mabaya zaidi, kwa sababu mmoja alitaka kutengeneza na jirani hana fedha, na ukuta wao ni mmoja. Benki, kwa upande wake, iliendelea kudai mkopo wake kila mwezi kana kwamba nyumba ingali nzima.

Basi wakaenda kutafuta wa kumdai. Kampuni nyingi zilizojenga zilikuwa zimeanzishwa kwa ajili ya mradi mmoja tu, na baada ya kuuza nyumba ya mwisho zikafungwa. Wakaguzi binafsi walipokosa bima, nao wakafunga milango. Viwanda vilijibu kwamba bamba halina ubaya likipigiliwa kwa kufuata maelekezo, na jibu hilo lina nguvu mahakamani hata leo: mwaka 2021 Mahakama Kuu iliikataa kesi ya wenye nyumba waliomshtaki mtengenezaji wa bamba moja maarufu, na mwaka 2024 Mahakama ya Rufani ikakubaliana nayo.

Aliyebaki amesimama ni halmashauri ya mji. Hapa pana historia ya sheria ambayo ni fahari ya New Zealand. Mwaka 1990 mahakama ya juu ya Uingereza ilikuwa imeamua kwamba halmashauri haiwajibiki kwa hasara ya mwenye nyumba iliyojengwa vibaya. New Zealand ilikataa kufuata. Katika kesi ya nyumba moja ya mji wa Invercargill, iliyojengwa mwaka 1972 juu ya msingi mbovu ambao mkaguzi wa halmashauri aliupitisha, majaji wa New Zealand walisema halmashauri ilipe. Mwaka 1996 Baraza la Privy la London, ambalo wakati huo lilikuwa ngazi ya mwisho ya rufani kwa nchi hiyo, liliwaacha washike njia yao, likakubali kwamba watu wa huko kwa desturi humtegemea mkaguzi wa mji. Mwaka 2010 Mahakama ya Juu ya New Zealand ikalithibitisha jambo hilo katika kesi za nyumba zinazovuja.

Na Mamlaka, yaani chombo cha serikali kuu kilichozipokea mbao zisizo na dawa? Wenye nyumba wa mtaa mmoja wa Auckland waliifikisha mahakamani. Mahakama ya Rufani ikasema chombo hicho hakikuwa na wajibu wa kisheria kwa mwenye nyumba mmoja mmoja. Kilikuwa mbali naye mno. Kazi yake ilikuwa kusimamia mfumo, na wala haikuwa kukagua ukuta wa mtu.

Tuelewane juu ya matokeo yake. Mkaguzi wa mji aliyeupitisha ukuta uliokuja kuoza alionekana yu karibu kiasi cha kulipa. Waliobadilisha kanuni walionekana wako mbali kiasi cha kusamehewa. Aidha, sheria ya huko ilisema kwamba wadaiwa wakiwa wengi, kila mmoja anaweza kudaiwa deni zima. Tuseme fundi anastahili kubeba sehemu 80 za lawama katika mia, na halmashauri 20. Fundi akifilisika, halmashauri hulipa zote 100. Na halmashauri inazitoa wapi fedha? Kwa mwananchi alipaye kodi ya jengo katika mji huo, pamoja na bibi kizee anayeishi katika nyumba ya zamani ya mbao za dawa, ambaye hakujenga, hakuuza wala hakununua. Maji hufuata mkondo, na gharama ya kosa hilo nayo ilifuata mkondo. Iliteremka kutoka ikulu ya maamuzi mpaka mlangoni kwa asiyekuwa na sauti.

Kisha kuna saa ya sheria. Madai yalikubaliwa iwapo tu jengo halijapita miaka 10 tangu kujengwa. Uozo wa ndani ya ukuta haupigi hodi. Wako walioona doa la kwanza katika mwaka wa 11, wakaambiwa poleni, mlango umefungwa.

Ukubwa wa balaa ulikuja kupimwa mwaka 2009, katika taarifa ambayo serikali iliagiza kwa kampuni ya wakaguzi wa hesabu ya PricewaterhouseCoopers. Ilikadiria nyumba 42,000, huku ikisema zinaweza kuwa chache hata 22,000 au nyingi hata 89,000, na gharama ya dola bilioni 11.3 za huko. Nchi nzima wakati huo ilikuwa na watu wapatao milioni 4.3. Hapo ndipo serikali kuu ilipokubali kutia mkono mfukoni. Mpango wa msaada ulioanza mwaka 2011 ulisema: serikali itatoa robo ya gharama, halmashauri robo, na mwenye nyumba nusu. Sharti lilikuwa kwamba anayepokea asiwashtaki tena serikali wala halmashauri iliyochangia. Nusu ya dola laki kadhaa, kwa mtu ambaye bado anailipa benki, si msaada mwepesi. Waliojiunga walikuwa wachache kuliko ilivyotarajiwa, na mwaka 2016 mpango ukafungwa.

Katika kisa hiki kuna jambo moja ambalo lingechekesha kama lisingehusu hasara. Serikali nayo ilikuwa na majengo yanayovuja: shule. Mwaka 2013 Wizara ya Elimu ilikwenda mahakamani kuwadai watengenezaji wa vifaa vya kuta. Hapo serikali ilikuwa mwenye nyumba, ikazungumza kwa sauti ya mwenye nyumba, ikisema kwamba aliyetumia kifaa hakuwa na uwezo wa kujua ubovu wake. Ndivyo walivyokuwa wakisema wananchi kwa miaka mingi.

Wako watakaonijibu kwamba serikali si kampuni ya bima. Fedha za serikali ni jasho la walipa kodi wote, wakiwamo wapangaji wasio na nyumba hata moja. Kwa nini mpangaji alipie ukuta wa mwenye mali? Hoja hii ina uzito, na siipuuzi. Mimi sisemi hazina ya taifa ilipie kila ufa. Fundi akichanganya saruji vibaya, adaiwe fundi. Mwenye nyumba akiacha bomba livuje miaka mitano, ni shauri lake. Lakini jambo la New Zealand lilikuwa la namna nyingine. Ulinzi uliokuwapo kwa miaka zaidi ya 40 uliondolewa kwa kalamu. Aliyenunua nyumba hakuulizwa na hakuambiwa. Aliambiwa tu, kupitia muhuri, kwamba nyumba imetimiza masharti ya sheria. Serikali inayotaka muhuri wake uaminiwe haiwezi kusema, siku ukuta unapooza, kwamba muhuri ule ulikuwa karatasi.

Na huyo mpangaji tunayemwonea huruma, je, alisalimika serikali ilipokwepa? Hakusalimika. Alilipa kwa njia ya kodi ya nyumba iliyopanda pale mwenye nyumba alipopandishiwa kodi ya jengo. Kukwepa hakukuifuta gharama hata senti moja. Kulibadilisha tu wa kuibeba, na wakati wa kuibeba, na kwa kuchelewa kukaiongeza, maana mbao haziachi kuoza kwa sababu mawakili wanabishana.

Mjadala huu haujazikwa. Mwezi Agosti 2025 serikali ya New Zealand ilitangaza kwamba inakusudia kuubadili ule utaratibu wa mdaiwa mmoja kubeba deni zima, ili kila mmoja alipe sehemu yake tu. Halmashauri zina haki ya kushukuru. Lakini turudi kwenye hesabu yetu ya 80 na 20. Halmashauri ikilipa 20 zake na fundi akawa hayupo, zile 80 zitabaki kwa nani? Zitabaki kwa mwenye nyumba, yule ambaye hakuuona ndani ya ukuta. Isipokuwapo bima ya lazima au mfuko wa kumkinga, mageuzi hayo yatakuwa yameuchimba mkondo ule ule kwa kina zaidi.

Mimi nalichukua fundisho moja. Siku wakubwa wanapotangaza kwamba kanuni fulani inaondolewa kwa kuwa inaongeza gharama, tusiulize tu itapunguza shilingi ngapi. Tuulize pia: ikija kuonekana kwamba mlikosea, nani atalipa, na jina lake limeandikwa wapi ndani ya sheria hiyo hiyo? Nafuu ya mbao zisizo na dawa ilihesabiwa mapema na kusifiwa. Hasara yake haikuandikiwa mwenyewe, basi ikamwangukia aliyekuwa amelala ndani ya nyumba.

Mpaka wiki ijayo, panapo majaliwa.